Kufunga ni Kufunga

Benchi letu liko nyuma ya geti la wafanyakazi la kiwanja kidogo cha ndege, ubavuni mwa ukuta, pale ambapo kivuli hukaa mpaka saa nne. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, na mbele yake jiko langu la mkaa na birika. Nilianza kuuza kahawa hapo marehemu mume wangu alipokuwa mlinzi wa geti, na yote ninayoyajua kuhusu ndege nimeyasikia hapohapo, maana shule mimi niliipita kwa nje. Asubuhi hiyo walikuwepo watatu wa siku zote. Spana, fundi mkubwa wa ndege, mikono mieusi mpaka kwenye viwiko. Mihuri, mtunza stoo ya spea, ambaye hata ukimpa kikombe anatafuta pa kugonga. Na Kapteni, dereva wa trekta la mizigo, ambaye hajawahi kupanda ndege hata ya kwenye bembea. Wa nne alikuwa mjukuu wangu, binti wa binti yangu, amekaa mwisho wa benchi na kompyuta mapajani. Yeye ndiye aliyetengeneza mfumo wa karakana, ule wa kwenye tableti: fundi anaandika humo kazi anayoifanya, stoo wanaona spea iliyotoka, na ofisi wanaona, na Mkurugenzi kwenye simu yake, ndege ipi iko tayari kuruka. Mwaka mmoja na nusu ameukeshea. Sasa mafundi wameususa, tableti zote tano zimelala kwenye droo ya Mihuri, na saa tatu Mkurugenzi alikuwa anakuja kuwauliza neno moja tu: mnautumia au hamuutumii? Wakisema hawautumii, mchana huohuo anawaita wenye mfumo wa kutoka nje, na mjukuu wangu anafungasha virago. Wakati huo ilikuwa saa moja na nusu.

Kapteni: Mjukuu wa Bibi, kunywa kahawa. Hata anayepelekwa mahakamani hunyweshwa kitu.

Mjukuu: Sina kiu, anko.

Kapteni: Kahawa na kiu, wapi na wapi? Kahawa ni ya kushika mkononi ili usijue uweke wapi mikono.

Mjukuu: Mikono yangu ina kazi. Mzee Spana, nieleze tena. Ile Jumatano, toka mwanzo.

Spana: Nimekueleza mara saba.

Mjukuu: Hizo saba nilikuwa nabisha. Hii ya nane naandika.

Spana akaweka kikombe chini. Ni mtu wa maneno machache, na maneno yenyewe huyatoa kama anayehesabu nati.

Spana: Ndege iko juu ya jeki. Nikafungua gurudumu la mbele. Nikabonyeza FUNGUA. Nikabadilisha tairi. Nikafunga gurudumu. Nikabonyeza FUNGA. Nikaenda bombani kunawa, nirudi nikaze nati kwa kipimo, halafu mwenzangu aje akague. Narudi. Nakuta nini?

Kapteni: Unanikuta mimi!

Spana: Nakuta huyu.

Kapteni: Na mabegi kumi na mawili na sanduku la vifaranga! Ofisi wameniambia peleka mizigo, ndege tayari. Nafika, ndege imepanda jeki kama mtu aliyeona panya akakimbilia juu ya kiti. Nikajiuliza, jamani, hivi siku hizi wanapakia ikiwa angani?

Mihuri: Na ofisini kwenye skrini kumeandikwa: KAZI IMEFUNGWA, NDEGE TAYARI. Niliona kwa macho yangu. Abiria walishaanza kusimama mstari.

Spana: Ndiyo maana nasema mfumo mwongo. Kazi ilikuwa bado.

Mihuri: Au kidole ndicho kilichodanganya. Barua inasema ulibonyeza pasipotakiwa.

Benchi likapoa. Barua ya onyo ilikuwa imetoka ofisini Ijumaa. Mimi nilikuwepo Spana alipoisoma, aliikunja mara nne, akaiweka mfuko wa shati upande wa moyo, akaniomba kahawa bila sukari, yeye anayeweka vijiko vitatu.

Spana: Miaka thelathini na moja sijawahi kuandikiwa barua, Mihuri. Hata ya mapenzi sijaandikiwa, mke wangu nilimtokea ana kwa ana. Nilifunga, nikabonyeza FUNGA. Sikubonyeza pasipotakiwa. Na sitabonyeza tena popote. Mimi na karatasi yangu tutazikwa pamoja.

Mjukuu: Mimi nimeukagua mfumo nje ndani, mzee. Haujakosea. Ulibonyeza FUNGA, ukafunga.

Spana: Na mimi nilifunga.

Mjukuu: Sasa nani kakosea?

Hapo ndipo walipoanza. Kwenye benchi langu ukiacha swali chini bila mwenyewe, litaokotwa na kila mtu.

Mihuri: Mimi nitawaambia. Tatizo la mfumo huo ni kwamba haugongewi. Karatasi ikija kwangu inasimama mbele yangu kama mwanafunzi. Naisoma, naigeuza, naigonga. Huo mfumo unagongewa na nani? Unajigongea wenyewe! Mtu akijigongea mwenyewe si atajiandikia hata kwamba yeye ni bwana harusi?

Kapteni: Siyo muhuri. Ni malezi. Mfumo umezaliwa ofisini, mama yake ni ofisi. Ofisi wanapenda kusikia nini? Ndege tayari. Basi mtoto anamwambia mama yake anachopenda kusikia. Wangu wa pili yuko hivyohivyo. Ukimuuliza umeoga, anasema ndiyo, na tope liko sikioni.

Nilimwona mjukuu wangu akiandika hilo pia. Nikasema moyoni, maskini, amefika pa kuandika maneno ya Kapteni.

Mihuri: Basi kama ni siri tusemezane. Zile tableti kwenye droo yangu zinaongea.

Kapteni: Zinaongea?

Mihuri: Tangu mlipozisusa. Nimekaa na daftari langu, nasikia moja: tii. Kimya. Ya pili: tii, tii. Zinaitikiana. Tano nzima, zinafanya kikao.

Mjukuu: Ni betri, baba. Inaisha chaji.

Mihuri: Betri! Betri gani inasubiri mwenzake amalize kuongea ndiyo nayo ianze?

Kapteni: Hapo nimeelewa. Nimeelewa yote! Siyo mfumo, siyo fundi. Ni ndege yenyewe!

Spana: Ndege yangu?

Kapteni: Sikiliza. Ndege imesimama juu ya jeki tangu alfajiri. Miguu inaning'inia, upepo unapita chini, aibu tupu, na wenzake wanapita kwenye njia ya kurukia wakimwangalia. Ikaiambia tableti kimyakimya, kwa ile waya isiyoonekana: dada, niandikie niko tayari nitoke hapa. Na tableti ina huruma, ikaandika.

Spana: Ndege yangu haisemi uongo.

Kapteni: Sikusema uongo. Nimesema aibu.

Wakaanza kuzozana kama ndege ina aibu au haina, na mimi nikaongeza mkaa. Nilimtazama mjukuu wangu. Alikuwa hacheki. Midomo kaibana kama mama yake alivyokuwa akiibana utotoni anapojifunza kuvaa viatu mwenyewe na hataki mtu amguse.

Mjukuu: Saa mbili kasoro dakika kumi. Siondoki hapa mpaka nijue.

Sasa, mwisho mwingine wa benchi alikuwa ameketi mama mmoja aliyefika asubuhi hiyo kwa mara ya kwanza. Fundi cherehani, ameitwa kushona upya vitambaa vya viti vya ndege. Mlinzi alimwambia wageni wanaingia saa mbili, basi akanunua kahawa akajikalia, futi ya kupimia shingoni, pochi ya sindano mapajani. Alikuwa amewasikiliza kwa adabu zote. Akakohoa.

Mshonaji: Samahani jamani, mimi mgeni, mnisamehe. Hapo mnaposema kufunga, ni kufunga nini?

Spana: Kufunga ni kufunga, mama.

Mihuri: Kufunga ni kufunga.

Kapteni: Hata mtoto anajua. Kufunga ni kufunga!

Mshonaji: Sawa. Naulizia tu kwa sababu mimi nikisema nimefunga, nimefunga uzi. Nimepiga fundo. Lakini nguo bado haijaisha, kuna kupiga pasi, kuna mwenyewe kujaribu. Sasa nyinyi, ukishafunga, kinachofuata ni nini?

Wote watatu walifungua midomo pamoja. Halafu wakaangaliana. Mjukuu wangu aliinuka, kompyuta mkononi, akasimama mbele yao.

Mjukuu: Mmoja mmoja. Mzee Spana. Ukifunga gurudumu, umefanya nini?

Spana: Nimelirudisha mahali pake. Nati zimeshika. Halianguki.

Mjukuu: Na kazi imeisha?

Spana: Iishe vipi? Kuna kukaza kwa kipimo, kuna kukaguliwa. Ndiyo kwanza imeanza kuwa kazi.

Mjukuu: Baba Mihuri. Ukifunga faili?

Mihuri: Nimegonga muhuri wa mwisho, limerudi kabatini. Hakuna wa kuligusa tena.

Mjukuu: Kazi imeisha?

Mihuri: Imeisha na imezikwa.

Kapteni: Mimi hujaniuliza.

Mjukuu: Haya, anko.

Kapteni: Mimi nikifunga, nimefunga kamba juu ya mabegi. Safari ndiyo inaanza. Na Jumapili nikifunga, ni bao.

Mjukuu wangu alirudi akaketi polepole, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa.

Mjukuu: Mzee Spana alifunga gurudumu. Mfumo ukafunga faili.

Mihuri: Neno lilelile?

Mjukuu: Lilelile. Niliandika FUNGA nikimaanisha faili lirudi kabatini. Yeye akasoma FUNGA, na gurudumu liko mikononi mwake.

Nikakumbuka, na sauti ikanijia kana kwamba mwenyewe yuko nyuma yangu. Mama mkwe wangu, wiki ya kwanza ya ndoa, tumerudi na mizigo miwili ya kuni tumeitua nje. Akaingia ndani kupumzika, akaniambia, "Mwanangu, ukimaliza huko, funga." Nikafunga mlango. Nikaona ukifungwa na komeo ndiyo umefungwa hasa, nikatia komeo kwa nje, nikaenda kisimani. Kumbe alitaka nifunge mzigo wa kuni uliolegea kamba. Nikamkuta dirishani. "Tumekuoa au umenikamata?" aliniambia, na alikaa akilisimulia mpaka siku alipotutoka. Nikawasimulia, wakacheka, Kapteni akamwaga kahawa yote. Mjukuu wangu hakucheka. Alikuwa anamwangalia Spana mfuko wa shati.

Mjukuu: Mzee. Ile barua ilistahili kuja kwangu.

Spana akainua macho kutoka kwenye kikombe chake.

Mjukuu: Nilikaa ofisini miezi minne kabla sijaandika mfumo. Nikajua kila wanachosema, hata wanavyoguna. Karakana nilikaa siku mbili.

Spana: Kwa nini siku mbili?

Mjukuu: Ofisini kulikuwa na kiti.

Spana aliangua kicheko kifupi, cha puani. Ni kweli, karakana hakuna kiti. Wanalala chini ya ndege, au wanasimama.

Mjukuu: Nitamwambia Mkurugenzi mbele ya watu kwamba barua aifute. Hiyo ni saa tatu. Sasa hivi ni saa mbili. Nina saa moja, na nataka maneno yako. Siyo ya ofisi. Yako.

Spana: Mimi nimeshasema siubonyezi tena.

Mjukuu: Sijakuomba ubonyeze. Nimekuomba useme. Kusema kwani kuna barua?

Kapteni: Hapo kakushika, Spana.

Spana akasukuma kikombe pembeni.

Spana: Uliza.

Mjukuu: Badala ya FUNGA tuweke nini? Nilifikiria MALIZA.

Spana: Fundi kaimaliza ndege? Abiria akisikia hivyo atarudi kwao kwa miguu.

Mjukuu: KAMILISHA.

Kapteni: Hilo la kwenye kadi za mchango wa harusi. "Ili kukamilisha shughuli yetu." Mimi nikiliona tu naficha simu.

Mihuri: Wekeni HITIMISHA. Lina heshima.

Spana: Mihuri, mimi niko chini ya ndege, mafuta yananidondokea jichoni. Nani anahitimisha?

Mjukuu: Basi niambie. Umerudisha gurudumu. Nati zimeshika. Mwenzako yuko upande wa pili wa karakana. Unampigia kelele ukisemaje?

Spana: Nasema, "Nimepachika! Njoo uone!"

Mjukuu: Anakuja, anaona. Kila kitu sawa. Anakwambiaje?

Spana: Ananigonga bega. Anasema, "Nimeona. Iende."

Mjukuu: Kila siku?

Spana: Miaka thelathini na moja.

Vidole vya mjukuu wangu vilianza kukimbia. Mihuri akanyoosha shingo kuchungulia, akashtuka kama ameona nyoka kwenye sukari.

Mihuri: Unaandika "njoo uone"? Kwenye mfumo wa kampuni? Kwa herufi kubwa?

Mjukuu: Kwa herufi kubwa.

Mihuri: Binti yangu, Mkurugenzi atasoma! Kampuni ina barua zenye nembo! Mtu mzima na suti yake afungue skrini akutane na "njoo uone", kama mnadani?

Mjukuu: Mkurugenzi habadilishi tairi, baba.

Spana: Na vitufe vyako vidogo. Kidole changu ukikiona kinafunika vyote viwili.

Mjukuu: Kwa nini hukuniambia?

Spana: Hukuuliza. Ulikuja na kalamu, ukatuuliza kama tumefurahi. Tukasema tumefurahi. Mgeni utamwambia nini?

Mjukuu wangu alivifanya vikubwa, upana wa kifuniko cha bakuli langu la sukari. Nilikitoa nikampa apimie. Akamtuma Mihuri akalete tableti moja, na Mihuri akarudi nayo imefungwa kwenye gazeti, pamoja na fomu.

Mihuri: Saini hapa. Na hapa. Na hapa kwamba imetoka ikiwa hai.

Mjukuu: Mzee Spana, una kazi gani ya kweli leo? Siyo ya mfano.

Spana alitoa karatasi kutoka mfuko wa suruali. Mwenzake alipachika bomba jipya la breki jana alasiri, gurudumu la kushoto, kwenye ndege ya safari ya saa nne. Spana alitakiwa aikague kabla haijatoka. Mjukuu wangu akaiingiza kazi ile kwenye mfumo mpya neno kwa neno, akafuta kioo cha tableti kwa ncha ya gauni lake, akaiweka kwenye benchi, karibu na goti la Spana. Hakumpa mkononi.

Mjukuu: Sitakulazimisha. Lakini ukiishika, nina ombi kwa wengine. Asimsaidie mtu. Asinyooshe kidole, asigune, asikohoe. Mimi mwenyewe simwambii kitu. Akikwama, kosa ni langu, na nataka nilione kabla Mkurugenzi hajaliona.

Kapteni: Hata nikijua jibu?

Mjukuu: Hasa ukijua.

Kapteni: Unaniua, mwanangu.

Halafu mjukuu wangu akafanya jambo ambalo sijawahi kuona mtu mwenye elimu akilifanya. Aliikalia mikono yake. Yote miwili, chini ya mapaja, kama mtoto aliyekatazwa kugusa mboga.

Ilikuwa saa tatu kasoro dakika ishirini. Spana aliitazama tableti. Akatazama geti. Akagusa mfuko wa shati. Nikadhani ataondoka, na nadhani hata yeye alidhani hivyo. Kisha akapangusa kidole kwenye suruali, akaichukua.

Akasoma kwa sauti, anavyosoma gazeti, kila neno kwa zamu yake.

Spana: "Bomba la breki, kushoto. Mwenzako amepachika. Anasema njoo uone." Haya. Nimeona anasema. Hapa chini... Sasa hapa nifanye nini?

Hakuna aliyejibu. Kapteni alivimba shavu, nikamwekea kikombe mdomoni. Mihuri alitazama juu. Mjukuu wangu alikuwa mwekundu wa macho, haondoi jicho kwenye kidole cha yule mzee, mikono bado ameikalia.

Spana: Nasema, hapa nifanye nini? Mbona mmekuwa mabubu? Bibi?

Mimi: Mimi sijui kusoma, baba.

Spana: Hamna maana. Ngoja. "Umeona kwa macho yako?" Ananiuliza mimi?

Kapteni akang'ata ukingo wa kikombe.

Spana: Ananiuliza mimi. Kuna hiki kikubwa, "NIMEONA, IENDE." Na hiki kingine kikubwa, "BADO."

Kidole kilikwenda kwenye kile cha kwanza. Kikasimama hewani. Niliona mjukuu wangu anafumba macho. Kidole kikakaa pale, kisha kikahama, kikabonyeza cha pili.

Tableti ikalia tii. Mihuri akaruka.

Spana: "Sawa. Ndege inabaki chini."

Akasoma tena, kwa sauti ya chini. Akainuka. Akaichukua tochi yake chini ya benchi, tableti akaitia kwapani kama gazeti la Jumapili, na bila kumuaga mtu akapita getini kuelekea karakana, hatua ndefu za mtu mwenye kazi.

Kapteni akavuta pumzi kama aliyezamia.

Kapteni: Naruhusiwa kuongea?

Mjukuu: Ongea, anko.

Kapteni: Kaondoka! Shahidi wetu kaondoka na tableti! Na kabonyeza BADO! Umemfanyia kitufe kikubwa cha iende, mpaka umekopa kifuniko cha sukari, yeye kabonyeza bado!

Hapohapo gari la Mkurugenzi likasimama mbele ya geti, dakika kumi kabla ya saa. Akashusha kioo, simu mkononi, uso umekunjamana.

Mkurugenzi: Bibi, shikamoo. Fundi wangu mkubwa yuko wapi?

Mimi: Marahaba, baba. Kaingia karakana sasa hivi.

Mkurugenzi: Binti, kuna nini hapa? Simu inaniambia, nasoma kama ilivyo: "Ndege ya saa nne inabaki chini. Fundi bado hajaona breki kwa macho yake." Nani kaandika maneno haya?

Mihuri akajikunyata nyuma ya Kapteni. Mjukuu wangu akasimama, akakifuata kioo cha gari, kompyuta kifuani.

Mjukuu: Mimi, bosi. Na maneno ni ya Mzee Spana. Ile barua ya Ijumaa mliyompa, naomba muifute, kosa lilikuwa neno langu. Nitakueleza yote.

Mkurugenzi: Utanieleza. Kwanza nijibu. Nilikuja kuuliza mafundi wanautumia mfumo au hawautumii. Huyu kabonyeza bado, kaondoka. Kwa hiyo amekataa?

Mjukuu: Hapana, bosi. Amejibu. Mara ya kwanza mfumo umemuuliza kitu anachokielewa, na amejibu ukweli.

Mkurugenzi akasoma simu tena. Nyuma ya ukuta tulisikia mlango wa bati wa karakana ukisukumwa, na sauti ya Spana akimwita mwenzake alete ngazi. Abiria wa saa nne walikuwa wameshaanza kuteremka kwenye basi lao.

Mkurugenzi: Sasa ataona saa ngapi?

Mihuri akatafuta jibu kwenye fomu zake. Mshonaji aliyekuwa ameitwa getini tangu saa mbili na bado hajaondoka, akamtazama mjukuu wangu.

Mjukuu: Akishaona, bosi.

Mkurugenzi alimkazia macho muda mrefu, na yule mtoto hakuyakwepa. Kisha akaweka simu sikioni.

Mkurugenzi: Ofisi? Abiria waambieni wakae kwanza, wapeni maji. Na wale wa mfumo wa nje, wapigieni wasije leo. Hapana, sijaamua. Nimesema wasije leo.

Akazima gari.